Ati mimi ni Martha

Bwana Yesu asifiwe, Mama. Shikamoo.

Naandika usiku huu kwa sababu usingizi umegoma. Ni mbalamwezi, boti zimelala ufukweni, kesho sina dagaa wa kuanika, yaani huu ndio usiku wa kulala nikashiba. Lakini kila nikifumba macho nalisikia lile neno la kiongozi wetu: "Kuna Martha hapa kati yetu," yaani mtu wa kazi aliyeacha maombi. Mbele ya kina mama wote. Hakutaja jina langu, na hakuwa na haja, maana walishageuka wote wakaniangalia.

Ushirika wa kina mama unaujua, sitakueleza. Unajua mtu akishasemwa pale anavyosalimiwa sokoni.

Mimi sijaacha maombi, Mama. Narudia, sijaacha maombi. Nilichoacha ni mikesha ya Ijumaa, tena si yote, ni ile inayoangukia kwenye giza, siku zisizo na mwezi. Mtu wa Kibirizi haambiwi: giza likiingia boti zinatoka jioni na taa zao, alfajiri zinarudi, na usipokuwepo na beseni lako mapema unakuta wenzako wameshagawana. Sasa nitoke kwenye mkesha macho mekundu, nikagombee dagaa, nianike, halafu nifukuze kunguru mpaka jua lizame? Baba watoto Bwana alimtwaa. Sare na madaftari nanunua mimi. Huyo aliyesema anayajua haya yote, ndiyo maana yananiuma.

Na walipofunga Ziwa Tanganyika lisivuliwe mwaka 2024, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana, nani alikuwa kwenye kila mkesha? Mimi. Nilifunga, nilikesha, nilipiga magoti mpaka yakaota sugu. Wakati ule hakuna aliyeniita Martha. Nilisifiwa kwamba nina moto. Mama, hili sijamwambia mtu mwingine: miezi ile ndani nilikuwa mkavu kabisa. Nilikuwa napaza sauti na moyoni hamna kitu, nasubiri tu kupambazuke. Labda ni njaa, sikatai, nyumbani hali ilikuwa mbaya. Lakini nilikuwa namwomba Mungu kwa bidii kuliko wakati wowote, na furaha hakuna.

Ziwa lilipofunguliwa ndipo furaha ikanirudia, na ilinikuta chanjani. Unajua dagaa wabichi wanavyong'aa jua la kwanza likiwapiga? Unawamwaga, unawatandaza kwa kiganja, unawatenganisha mmoja mmoja wasishikane, magamba yanakuganda mpaka kwenye viwiko. Siku moja nikajikuta naomba bila kupanga. Huku mwanzo wa chanja nawataja wanangu, katikati namtaja mama mkwe na miguu yake, nikifika mwisho nawataja waliokwenda ziwani na hawakurudi. Mchana nikipita kuwageuza narudia majina yaleyale. Jirani yangu wa chanja ni Mwislamu wa Ujiji, ananiuliza mbona unatabasamu peke yako, namwambia naongea na Mungu, anasema basi nitajie na mimi. Naye nikamweka. Tangu hapo hata kuchota maji naona Bwana yupo. Hata uji wa asubuhi. Hii ni dhambi?

Mtoto wa dada yangu anasoma uchungaji. Nilipomsimulia alifurahi sana, akaniambia zamani kulikuwa na mtawa Ufaransa, anaitwa Ndugu Lawrence, alifariki Paris mwaka 1691. Hakuwa padri. Kazi yake ilikuwa jikoni, anawapikia watawa wenzake, baadaye akawa anashona viatu vyao, na alikuwa akisema kwamba katikati ya masufuria na kelele anakuwa na Mungu sawasawa na anapopiga magoti kwenye sakramenti. Nililia, Mama. Nikasema kumbe siko peke yangu.

Basi Alhamisi nikasimama kutoa ushuhuda. Nilisimama kwa furaha, nilitaka na wenzangu waipate, maana wengi wetu tunaanika dagaa na wengi wamechoka, nawaona. Nikaeleza yote, mpaka ya yule mtawa. Kiongozi akasema hayo ni mambo ya Wakatoliki. Kisha akafungua Luka 10, "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi," akafunga Biblia, akasema hilo neno lake. Ushuhuda wangu ndio uligeuzwa kuwa kesi.

Nimeisoma Luka 10 mpaka ukurasa umelegea. Bwana anamwambia Martha anasumbuka na kufadhaika. Mimi sifadhaiki! Nilikuwa nafadhaika kwenye mikesha. Na ukienda Yohana 12, Bwana yuko Bethania tena, Martha anahudumu tena, na hapo hamkemei. Mbona hiyo haikusomwa? Na Paulo kwenye Wakolosai 3 anaposema lo lote mfanyalo lifanyeni kwa moyo kama kwa Bwana, alikuwa anaongea na watumwa, watu ambao hata usiku haukuwa wao. Mbona hiyo nayo haikusomwa? Sitaki kubishana na Neno. Nasema tu lisomwe lote.

Usidhani nina kinyongo, sina. Yule mama ndiye aliyeniongoza sala ya toba. Msiba uliponifika alihamia kwangu, alilala na mimi kwenye mkeka mpaka nikaweza kula. Kuomba alinifundisha yeye. Kama angeyasema mtu mwingine ningeshasahau, ningekuwa nimelala saa hizi. Ni yeye, na aliyasema mbele za watu, wakati kwangu ni hatua chache na angeweza kuja tukaongea nyuma ya nyumba.

Sasa amemtuma mtu kwamba Alhamisi nisimame nitengeneze na ndugu, niseme nimepoa na nimeuacha upendo wa kwanza, waniombee, yaishe. Nikisimama, nitarudishiwa nafasi yangu na watu wangu. Nisiposimama, najua itakavyokuwa. Lakini nitatubu nini? Mtu anaweza kutubia kitu ambacho moyo wake unamshukuru Mungu kwacho, ili tu asibaki peke yake? Je, huo si uongo mbele za Bwana? Mchungaji niliwahi kumgusia, akasema mambo ya kina mama tuyamalize wenyewe.

Wakati mwingine naona heri niache ushirika, nibaki na ibada ya Jumapili na chanja langu. Nimeshaamua hivyo, hata dada nimemwambia. Halafu leo mchana nimejikuta nafua kitenge cha ushirika na kukinyoosha. Na simu ikilia naangalia kama ni yeye. Siyo kwamba nasubiri aombe msamaha, ni mtu mzima, simdai hilo. Angesema tu kwamba alinisikia, kwamba nilichosimulia ni kweli kimenipata.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba juzi nilikuwa na dagaa kidogo waliobaki, nikaenda kuwageuza, na yale majina hayakuja. Nilisikia sauti yake tu. Nikawageuza hivihivi, kama kazi.

Nijibu mapema, Mama. Alhamisi mwezi utakuwa bado mkubwa, boti hazitatoka, sitakuwa na sababu ya kutokwenda. Nisimame au nikae?

Mjane, Kigoma