Pedali niliyokuazima

London

Mzee wa Solo,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumai u mzima, na shemeji na watoto pia. Sisi hatujambo, mdogo ameanza kusimama dede na kila waya wa gitaa anaoukuta sakafuni anautia mdomoni.

Nakuandikia kwa ajili ya yale maongezi yetu ya Ngamiani, pale Tanga. Ulikuwa ukisema pedali za kukwaruza sauti, vile visanduku vya gitaa vya kukanyaga kwa mguu, ni za watu wasiojua kupiga, nami nikikuunga mkono. Tulilelewa na gitaa safi, la kutiririka, na hata sasa nikisikia Atomic Jazz, bendi yetu ya Tanga, moyo unatulia. Lakini kuna kitu nimekipata, na nisipokueleza wewe sina wa kumweleza.

Mwezi uliopita nilinunua kwa mtu pedali ya Marshall iitwayo Bluesbreaker, ile ya kwanza ya mwaka 1991. Ni kijisanduku cheusi cha chuma chenye vitufe vitatu tu vya kuzungusha: geni (kiasi cha mkwaruzo), toni na volyumu. Kimetengenezwa kuleta sauti ya amplifaya moja ya zamani, Marshall 1962. Hiyo 1962 si mwaka, ni namba ya modeli. Amplifaya hizo zilianzia kwenye duka la ala za muziki la Jim Marshall kule Hanwell, magharibi ya jiji hili. Wapigaji walikuwa wakiitamani Fender Bassman ya Marekani, nayo ilikuwa ghali mno, basi Ken Bran na kijana Dudley Craven wakaiga mpango wake na kuunda ya kwao kwa vipuri vya Uingereza. Mwaka 1966 mpiga gitaa Eric Clapton akaingia na hiyo 1962 studio ya Decca kurekodi na John Mayall na bendi yake ya Bluesbreakers, akakataa kuipunguza sauti. Jina la pedali limetoka hapo.

Siri ilikuwa kwenye valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti ndani ya amplifaya. Valvu ikisukumwa sana haikati sauti kwa kisu, inaibana taratibu. Mkono ukiwa mwepesi gitaa linabaki safi, ukikaza linaanza kukwaruza. Ila ili zifike hapo lazima amplifaya ifunguliwe karibu yote, na katika fleti ya vyumba viwili, mtoto kalala, jirani yuko juu ya kichwa changu, nani ataniruhusu?

Ndani ya pedali hamna valvu hata moja. Mna chipu ya kukuza sauti na daiodi nne, vipuri vidogo vya kupitisha umeme upande mmoja. Wimbi likipanda kupita kiasi, daiodi zinafunguka na kilele chake kinalala badala ya kukatika. Ni hivyo tu, nami nilipoambiwa sikuamini kwamba kitu kidogo namna ile kinaweza kuleta jambo lenyewe.

Usiku wa kwanza nilikaa jikoni, amplifaya ndogo nimeiweka juu ya kiti, sauti ya chini kabisa. Nikapiga uzi wa tatu kwa nyama ya kidole gumba, polepole. Ukatoka safi, kama pedali haipo. Nikapiga uzi uleule kwa kidole kilekile, kwa nguvu. Ukatoa mkwaruzo mwembamba, kama mwimbaji aliyefika mwisho wa pumzi na bado hataki kuuachia mstari. Nikarudisha nyuma volyumu ya gitaa, mkwaruzo ukaondoka wote. Pedali yenyewe sikuigusa. Hapo nikakukumbuka wewe, unayesema kila kitu kiko mkononi.

Nimewahi kuwa na ile ya kijani, Tube Screamer ya Ibanez. Inapunguza besi na kusukuma sauti za kati, na kwa solo ya kupasua juu ya bendi haina mpinzani, lakini gitaa linakuwa si lako tena. Hii inaziacha besi mahali pake. Isichoweza kukupa ni upepo: spika mbili za inchi 12 zikisukuma hewa mpaka suruali inatikisika. Huo hautoki kwenye kijisanduku.

Basi nakuazima. Kaka wa mke wangu anakuja Tanga mwezi ujao, pedali nimeifunga ndani ya nguo zake. Tafadhali tumia betri ya volti 9. Mimi niliuziwa dukani adapta ambayo chanya na hasi zake zimegeuzwa, nikachomeka bila kutazama, jikoni kukanuka moshi. Daiodi ya ulinzi iliungua. Fundi aliibadilisha, vingine vyote vikapona, lakini nililala nikiwa mgonjwa kwa uchungu.

Ile amplifaya yako ya transista iweke safi, besi uzipunguze kidogo. Geni usivuke robo. Volyumu ya pedali ipandishe mpaka sauti ilingane na unapoizima, kisha ongeza kidogo tu. Halafu usiziguse tena hizo. Cheza na mkono na volyumu ya gitaa.

Rekodi kwa simu, unitumie siku hiyohiyo hata iwe usiku wa manane. Anza na lile pigo la kufungulia dansi, la kwako. La rithim niachie nafasi, nitaliweka mimi huku.

Wako,
wa Rithim