Barua kwa Ami: kanisa la Blythburgh, chokaa yake na paa lake

Ami, shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza kuuma.

Uliuliza Waingereza walijengaje makanisa ya mawe yakasimama miaka mia sita bila nondo hata moja. Nakujibu kwa kanisa moja, la Utatu Mtakatifu, Blythburgh, huku Suffolk, kando ya mto Blyth. Mnara wake ni wa karne ya 14, na sehemu kubwa iliyobaki ni ya karne ya 15. Kijiji chenyewe kidogo, lakini kanisa lina urefu wa mita 39 hivi.

Suffolk haina jiwe zuri la kuchonga. Kilichopo ni gumegume, lile jiwe gumu la kutolea cheche. Sasa wewe umezoea matumbawe, yanayokunywa maji ya chokaa na kushikana nayo. Gumegume halinywi hata tone, kwa hiyo kazi yote ya kushika inabaki kwa chokaa. Ukuta hujengwa mnene, nyuso mbili za gumegume na katikati kifusi kilichochanganywa na chokaa. Fundi hupandisha kimo kidogo, akaacha ikaze kwanza. Akiharakisha, mawe huteleza kwenye chokaa mbichi na ukuta hutoka tumbo. Pembe na fremu za madirisha haziwezekani kwa gumegume, basi jiwe la kuchonga likaagizwa kutoka mbali.

Kinachoua kuta hizi ni saruji. Karne iliyopita mafundi wengi walikwangua viungo vya mawe katika makanisa ya zamani na kuziba kwa saruji, kwa nia njema kabisa. Saruji haipumui. Maji yanayoingia kwenye nyufa zake nyembamba hayapati pa kutokea, yanazama kwenye chokaa ya ndani, na baridi ikifika yanaganda, yanavimba na kusukuma mawe nje. Ndani unaona lipu inabanduka na chumvi nyeupe inatoka, watu wanadhani paa linavuja. Haya unayajua kutoka Mji Mkongwe huko Unguja, isipokuwa huko hakuna barafu, kuna chumvi ya bahari.

Tukipanda juu, paa ni karibu bapa, la mbao ngumu za mwaloni, limeezekwa kwa mabamba ya risasi, ile metali laini na nzito. Risasi hutanuka kwa jua na kunywea usiku, hivyo kila bamba lazima liwe dogo na liachwe huru. Maungio hukunjwa juu ya kijiti cha mviringo, hayachomelewi. Ukichomelea, bamba halina pa kwendea, linachoka na kupasuka. Siku hizi shida nyingine ni wezi: wanapanda usiku, wanaikunja hiyo risasi na kwenda kuiyeyusha, na mvua ya kwanza inashuka moja kwa moja juu ya boriti.

Boriti zikilowa, anakuja bungua wa mwaloni, mdudu anayekula mbao. Hutoboa matundu ya kama milimita 3, na mtoto wake huweza kuishi ndani ya mti miaka mingi akila. Anapenda ncha ya boriti iliyozama ukutani, penye unyevu na pasipoonekana. Kunyunyiza dawa juu juu ni kupoteza fedha, haifiki kwenye kiini. Dawa ni kuzibua milizamu, kukausha ukuta, kukata ncha iliyooza na kuunga mwaloni mpya. Askofu Steere, aliyewahi kuwa kasisi wa kijiji cha Little Steeping huko Lincolnshire, alipojenga kanisa kuu pale Mkunazini, Unguja, kuanzia 1873 aliepuka balaa hili kwa kufunika kanisa kwa kuba la matumbawe na saruji. Si paa la kupendeza kama la mwaloni, lakini bungua hana lake pale.

Katikati ya boriti za Blythburgh wamechongwa malaika wenye mabawa yaliyokunjuliwa, na rangi nyekundu na kijani za zamani bado zinaonekana. Mwaka 1644 William Dowsing, aliyetumwa kuvunja sanamu makanisani, aliamuru washushwe. Hawakushushwa wote. Vipande vya risasi za bunduki vilivyokutwa kwenye mbao watu walimsingizia yeye, kumbe katika karne ya 18 watu walikuwa wakipiga kunguru humo ndani.

Chini, tazama ncha za mabenchi. Dhambi zimechongwa kama watu: mvivu yuko kitandani, bahili amekalia sanduku lake la fedha, mlafi amejishika tumbo. Mkono wa mchongaji ni wa kijijini, mikato mizito, na mimi nawapenda kuliko malaika. Pia kuna mwanasesere wa mbao wa saa, wa 1682, anayegonga kengele. Mlango wa kaskazini una alama za kuungua. Tarehe 4 Agosti 1577 dhoruba iliangusha kilele cha mnara wakati wa ibada na watu wakafa. Wenyeji husema alama zile ni kucha za mbwa wa shetani. Mie naona ni moto wa mishumaa.

Karibu kila badiliko humo linahitaji kibali cha dayosisi, na kila baada ya miaka mitano mtaalamu wa majengo hukagua. Hilo la ukaguzi limekuwa sheria tangu 1955. Kabla ya hapo uzembe ulikuwa mwingi: mwaka 1881 kanisa hili lilifungwa kwa sababu lilikuwa hatari kuingia.

Sasa ule ukuta wako wa matumbawe wa baraza, uliozibwa kwa saruji. Waambie vijana wachimbue saruji kwa patasi na nyundo, wasilete mashine, itakata matumbawe. Waingie ndani angalau mara mbili ya upana wa kiungo, wafagie vumbi, walowanishe kwa maji. Chokaa moja kwa mchanga wa mtoni tatu, kavu kiasi, ishindiliwe kidogo kidogo. Kisha magunia mabichi juu yake wiki nzima, yakikauka yamwagiwe tena. Mchanga wa pwani wasiuguse, hata wakiambiwa umeoshwa.

Nisalimie wote.

Wako,
mwanao wa Suffolk