Ushabiki wa Raptors hutegemea saa na umbali

Mhariri,

Kusema Kanada nzima inaiunga mkono Toronto Raptors, timu ya mpira wa kikapu, ni kurahisisha mno. Mechi ikianza saa moja usiku Toronto, Vancouver, magharibi mwa nchi, ni saa kumi jioni. Watu bado wako kazini, na robo ya mwisho huchezwa wakiwa njiani. Tena Vancouver ilikuwa na timu yake, Grizzlies, tangu 1995, ikahamishiwa Memphis, Marekani, mwaka 2001. Ubingwa wa Raptors wa 2019 haukufuta uchungu huo wote.

Mechi za ugenini Los Angeles au Portland, magharibi mwa Marekani, ndizo zinazowafaa watu wa Vancouver, kwa kuwa saa za miji hiyo ni zilezile za kwao. Hizo, pamoja na za mchana wa Jumapili, zitangazwe zaidi magharibi.

Mfuatiliaji wa kikapu