Utani wa msibani si matusi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyetaka watani wapigwe marufuku misibani kwa madai kwamba wanamtukana marehemu. Mimi ni Mpare wa Same niliyeolewa na Mchaga wa Kibosho. Makabila haya ni watani, kwa hiyo nayasema ninayoishi nayo.

Tulipomzika mama mkwe, kaka zangu walikuja toka Same. Mmoja alidondosha sarafu juu ya jeneza, akatega sikio, akatangaza kwamba huyu kweli amekufa, maana Mchaga mzima hasikii hela ikilia akabaki amelala. Mwingine alijilaza kando ya kaburi, haondoki mpaka alipwe deni lake. Wafiwa nao wakamjibu: mpeni haraka, Mpare huyu atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku! Shemeji yangu mkubwa, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu msiba utokee, alicheka mpaka akalia, na jioni ile ndipo alipokula. Kaka zangu haohao walikuwa wameshika majembe asubuhi kuchimba kaburi, na ndio waliobaki kuosha masufuria wageni walipotawanyika. Anayewaita wahuni hajui kazi wanayoifanya.

Maneno yale angeyasema mtu baki, pangechimbika. Mtani anaachiwa kwa sababu naye hutaniwa na haruhusiwi kununa. Hata hivyo si kila kitu kinasemwa. Sijapata kumsikia mtani akitaja maungo ya mama wa mwenzake. Hilo kwetu ni tusi, atamke nani. Wengine wanaumia penginepo. Mwanangu anaishi Montreal, Kanada, na anasema Wakanada wa Kifaransa wakitaka kutukana vikali hutaja vitu vya kanisani: tabernakulo, kalisi, hostia. Sisi Wakatoliki wa Kibosho tungemshangaa tu mtu wa namna hiyo, tukadhani anaungama.

Hata sheria yetu haikuorodhesha maneno. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinaangalia kama lugha ya matusi imetumika kwa namna inayoweza kuvunja amani. Kwa hiyo ni lazima kuuliza nani kamwambia nani, na mbele ya nani.

Hapo ndipo ninapokubaliana na msomaji yule kwa sehemu. Siku hizi vijana wanarekodi utani wa kaburini na kuurusha mtandaoni. Unamfikia mtu asiyejua ukoo wala kabila, naye anaona jeneza linadhihakiwa. Ana haki ya kukasirika, ila kosa ni la aliyerekodi. Vilevile nawakataa mabosi wanaomwambia binti wa ofisini maneno machafu kuhusu mwili wake, kisha akilia wanasema ni utani tu. Utani gani huo, wakati yeye hawezi kukujibu bila kuhofia kibarua chake? Binti huyo akashtaki, na wazee wa mila tumsindikize.

Ninachoomba kamati za mazishi ni kidogo: watani wanapoingia, mshereheshaji awatambulishe kwa wageni, aseme ni wa kabila gani na wanamtania nani, kisha atangaze simu zote zirudi mifukoni.

Mama wa Kipare,
Kibosho, Moshi