Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kabla ya fimbo

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, shule ya msingi ya serikali, wanafunzi 94 chumba kimoja. Yumo mvulana nitakayemwita Juma. Siku ya kwanza tu alipindua dawati, akamng'ata mwenzake mkono, kisha akajificha chini ya meza yangu akitetemeka. Waliomwita mtukutu hawakuona alivyokuwa akitetemeka.

Ofisini ushauri ulikuwa mfupi: mcharaze. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Humo Juma ameandikwa mpaka basi. Kosa: fujo. Viboko: vinne. Kilichotangulia fujo hakina pa kuandikwa.

Basi nikanunua daftari langu mwenyewe. Wiki tatu niliandika saa, somo, na kilichotokea dakika chache kabla. Fujo 11, na 9 kati ya hizo zilikuja kengele ya kubadili kipindi ilipogongwa. Kengele yenyewe ni rimu ya lori, imening'inizwa nje ya dirisha letu! Nikamhamishia upande wa pili, na sasa dakika mbili kabla ya kengele namtuma apeleke boksi la chaki ofisini. Hajatulia kabisa, nisikudanganye. Juzi kanichania andalio la somo. Ila mwezi uliopita alipindua dawati mara moja tu.

Nilijaribu pia kitengo cha elimu maalumu cha shule jirani. Wakamrudisha: anaona, anasikia, anasoma kuliko wenzake. Kwa hiyo ni wangu, pamoja na wale 93.

Mheshimiwa, tunao Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, na Chuo cha Patandi kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Naomba mmoja wao afike kata yetu walau mara moja kwa muhula. Asije kumchukua Juma. Akae nyuma ya darasa, anionyeshe nisichokiona nikiwa ubaoni. Na kile kitabu cha viboko kiongezewe safu ya kueleza kilichotokea kabla, ijazwe fimbo ikiwa bado kabatini.

Daftari langu limebakiza kurasa sita. Atakayetumwa nitamkabidhi.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa darasa la tatu