Idi el-Hajj njema kwa watu wote wa mwambao wa Ziwa Tanganyika

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na majirani wa Ujiji, Kibirizi na Katonga, na nyie mlioko Kalya, Ikola mpaka Kirando. Kwa niaba ya familia yetu nawatakieni Idi njema ya 2024, Mwenyezi Mungu azipokee ibada zetu na awarudishe mahujaji wetu salama.

Idi hii imetukuta pabaya tusifichane. Ziwa limefungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei mpaka katikati ya Agosti mwaka huu wa 2024 ili samaki wazaliane, sawa tunaelewa, migebuka yenyewe ilishakuwa ya kutafuta, ila mvuvi asiye na shamba anakula nini miezi yote hiyo? Dagaa wa akiba bei imepaa, sukari usiseme, na wenye nyumba za ufukweni maji yamewafuata mpaka ndani.

Na kwa sisi watu wa vijijini, sikukuu ilikuwa inakuja na meli yetu ya Liemba. Watoto wa sasa wanaijua imelala tu bandarini, hawajui ilivyofika. Imetengenezwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikaletwa kwa masanduku mpaka Dar, kisha treni mpaka Kigoma, 1915 ikashushwa majini. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi isichukuliwe na adui, lakini injini walizipaka grisi kwanza, basi Waingereza wakaiibua 1924 na 1927 ikaanza tena safari. Imetubeba mpaka Mpulungu kule Zambia, na 2015 ikaenda Kagunga kuchukua wakimbizi wa Burundi. Vijiji vingi havina gati, kwa hiyo ikipiga honi usiku mitumbwi inaikimbilia, watu wanapanda na magunia, mbuzi wa Idi anavutwa huku analia, mama anarushiwa mtoto na mtu asiyemjua na anampokea vizuri kabisa.

Mwaka huu tumempoteza mama mdogo, kule Kalya. Habari imetufika jioni, ziwa limechafuka, nahodha wa boti akakataa kutoka na alikuwa na haki, tulipofika alishazikwa. Sisemi meli ingetuwahisha, ratiba yake nayo ilikuwa na siku zake. Ila bado naumia, yeye ndiye aliyenilea na sikumtia hata udongo.

Kwa hiyo wenye boti, nawaombeni kwa jina la Mungu, msipandishe nauli kwa sababu ni sikukuu, na msijaze watu kupita kiasi, roho za watu ni amana na mtaulizwa. Abiria nawe vaa jaketi la kuokolea, usione aibu. Vijana mlioko Dar na Mwanza, pigeni simu nyumbani leo, siyo kutuma hela ya nyama tu. Tuliochangia ng'ombe watu 7, fungu la maskini litoke kwanza kabla hatujagombania maini, na jirani mvuvi ambaye nyavu zake zimekauka huyo ndiye maskini wetu mwaka huu, tusimtafute mbali.

Kullu am wa antum bikhayr. Mwenye safari ya Kalya wiki hii anitafute tafadhali, kuna mzigo mdogo wa watoto wa marehemu, kanzu mbili na mchele.