Risala ya Wamiliki na Wahudumu wa Nyumba za Kulala Wageni kwa Mgeni Rasmi, Wakati wa Kufunga Mafunzo ya Usalama Kuelekea Msimu wa Sikukuu, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Dodoma, wawakilishi wa Jeshi la Polisi na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa, wawezeshaji wetu, wamiliki, wahudumu na walinzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuja kutufungia mafunzo haya katika kipindi cha mwisho wa mwaka, ambacho tunajua ofisi yako ina shughuli nyingi. Sisi tulio mbele yako tunaendesha hoteli, gesti na nyumba za kupangisha kwa siku, kuanzia Majengo na Chang'ombe hadi Kisasa, Nkuhungu na Ihumwa. Tunalo ombi moja kubwa: mpango wa ulinzi wa msimu huu uzijumuishe nyumba za kupangisha kwa siku, ambazo nyingi hazina mapokezi wala daftari la wageni, na ambazo mara nyingine hata mwenyekiti wa mtaa hajui kwamba zinapokea wageni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Dodoma ina misimu yake. Wageni hujaa Bunge la Bajeti linapokaa kuanzia Aprili hadi Juni, hujaa tena wakati wa Nane Nane pale Nzuguni, na hujaa siku za mahafali ya vyuo vikuu. Misimu hiyo tumeizoea. Krismasi na Mwaka Mpya ni habari nyingine, kwa sababu watumishi wengi hufunga nyumba zao na kwenda makwao, baadhi ya mitaa ikabaki na giza, na wakati huohuo wanaingia wasafiri wa usiku mmoja wanaoelekea Singida, Tabora na Kanda ya Ziwa, pamoja na familia zinazokuja harusini. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, mgeni anaweza kugonga geti saa nane za usiku. Saa hiyo mhudumu amechoka na mgeni naye amechoka, hivyo daftari huachwa liandikwe asubuhi, na asubuhi ikifika mgeni ameshapanda basi.

Daftari hilo si la kumridhisha askari anayekuja kukagua. Moto ukizuka, ndilo litakalowaambia waokoaji ni watu wangapi wamo ndani na wako vyumba gani. Mtoto akifika na mtu mzima asiyeeleweka uhusiano wao, maswali ya mapokezi ndiyo nafasi ya kwanza ya kumlinda, na mhudumu anapaswa kujua kwamba kuuliza si utovu wa adabu. Hata hivyo tumejifunza pia kwamba si vyema mhudumu kupiga picha kitambulisho cha mgeni kwa simu yake binafsi, kisha akaituma kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi, kwa hiyo daftari lifungiwe kabatini, na lisiachwe wazi mezani ambapo kila anayepita anaweza kusoma jina, namba ya simu na namba ya chumba cha mgeni mwanamke aliyefika peke yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa miaka mingi tukitaja ulinzi tumekuwa tukimfikiria mwizi tu. Tumeweka nondo katika madirisha yote, geti la chuma kwenye korido, na usiku mlinzi hufunga kufuli kisha akakaa na ufunguo mfukoni. Mwizi kweli anapata taabu kuingia, lakini moto ukianzia jikoni au kwenye nyaya za umeme, watu wote waliolala wanamtegemea mlinzi mmoja ambaye huenda ametoka kununua chai. Maelezo ya wakufunzi wetu kuhusu jambo hili ndiyo yaliyotugusa kuliko yote. Tumekubaliana kwamba kila chumba kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake zina bawaba na zinafunguka kwa ndani, kwamba ufunguo wa pili wa geti uwekwe ndani mahali ambapo kila mhudumu anapajua, na kwamba mgeni aonyeshwe njia ya kutokea anapopelekwa chumbani, kama anavyoonyeshwa bafu. Mtungi wa kuzimia moto uliojificha nyuma ya makreti ya soda hautasaidia mtu.

Katika nyumba za kupangisha kwa siku hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mgeni anapika mwenyewe. Mvua za Desemba zinapoanza, jiko la mkaa lililokuwa barazani huingizwa ndani, madirisha hufungwa, na hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu inaweza kuua watu usingizini. Maelekezo ya jiko na mtungi wa gesi yabandikwe ukutani kwa Kiswahili chepesi, pamoja na namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto. Suala la funguo nalo ni zito: ufunguo wa nyumba ya aina hii hupita kwa dalali, kwa msafishaji, kwa fundi bomba na kwa kila mgeni, na kuchonga mwingine mtaani ni kazi ya dakika chache. Kitasa kibadilishwe kabla ya msimu na kila ufunguo unapopotea.

Kuhusu kamera tutasema machache. Zinafaa getini na koridoni, ni marufuku chumbani na bafuni, na umeme ukikatika bila betri ya akiba huwa pambo. Kwa maoni yetu fedha za kununulia kamera, zikiwa chache, zianze kuajiri mlinzi wa pili, maana mlinzi anayekesha usiku kisha akaosha magari ya wageni asubuhi hana macho ya kulinda chochote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba ofisi yako isimamie uandikishaji wa nyumba za kupangisha kwa siku kupitia ofisi za mitaa kabla ya Krismasi, na uandikishaji huo utangulize usalama, kwani wamiliki wengi hujificha kwa kuogopa ushuru, na wakisikia kwamba ni msako wa mapato watazidi kujificha. Tunaomba polisi kata wapewe orodha hiyo na doria ziongezwe usiku kati ya stendi kuu ya mabasi na maeneo ya malazi. Vilevile tunaomba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji litupangie siku za ukaguzi mwezi huu, ili mafundi wetu waelekezwe namna ya kurekebisha nondo huku bado kuna muda wa kuzichomelea upya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.